Ndege ianze na karatasi ya manila, injini ije baadaye

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie aina moja ya habari ambayo magazeti, redio na televisheni zetu huitoa kila baada ya muda: kijana fulani, mara nyingi fundi wa kuchomelea au wa pikipiki, ameunda ndege uani kwao kwa mabati, vyuma vya engo na injini ya bodaboda. Kuna picha ya kijana akiwa ameketi mbele ya usukani, kuna umati wa watoto, kuna kiongozi wa eneo aliyefika kumpongeza na kuahidi kwamba ataendelezwa, na kuna aya ya mwisho isemayo kwamba chombo kitajaribiwa hivi karibuni. Habari ya jaribio lenyewe kwa kawaida haifuati.

Sina nia ya kuwakejeli vijana hao. Nimefanya kazi ya ufundi wa ndege hadi kustaafu, na ninapozitazama picha zile naona viungo vilivyochomelewa kwa mkono uliotulia na mifumo ya nyaya iliyofikiriwa vizuri, kazi ambayo mtu mvivu hawezi kuifanya. Ninachosikitikia ni kwamba vipaji hivyo vinaanzia mwisho. Usanifu wa ndege una mahali pake pa kuanzia, napo ni padogo na pa gharama ndogo: ni kielelezo, yaani ndege ndogo ya mfano, kisicho na injini, kinachorushwa kwa mkono, kinachopimwa, kinachovunjika na kuundwa upya siku hiyohiyo. Hoja yangu ni kwamba mwanzo huo unaweza kufundishwa katika shule yoyote ya sekondari nchini bila kusubiri maabara wala mfadhili, na kwamba tusipoufundisha tutaendelea kuwapigia makofi mafundi hodari waliokaa ndani ya vyombo visivyoweza kuruka.

Niruhusu nianze na hesabu, kwa sababu ndiyo inayoonyesha tatizo lilipo. Pikipiki nyingi za bodaboda za cc 150 zina injini yenye nguvu ya farasi 12 hivi. Ndege ya ndugu wawili Wilbur na Orville Wright, mafundi baiskeli wa Dayton, Ohio, ile iliyopaa Kitty Hawk nchini Marekani tarehe 17 Desemba 1903, nayo ilikuwa na injini ya nguvu ya farasi 12 hivi. Kwa hiyo kijana wetu hakukosa nguvu. Tofauti iko kwingine. Ndege ya kina Wright, pamoja na rubani aliyelala kifudifudi juu yake, ilikuwa na uzito wa kilo 340 hivi, na mabawa yake mawili, moja juu ya lingine, yalikuwa na eneo la mita za mraba 47, maana yake kila mita ya mraba ya bawa ilibeba kilo 7 na ushei tu. Sasa chukua bati jembamba la kuezekea. Mita moja ya mraba ya bati hilo ina uzito wa kati ya kilo 2 na kilo 3, na ukilifunika bawa juu na chini, kilo 5 hivi za kila mita ya mraba zimekwisha kuliwa na bati lenyewe kabla hujaweka chuma, injini, mafuta wala mtu. Kina Wright walitumia kitambaa cha pamba kilichovutwa juu ya fremu ya mbao nyepesi.

Msomaji anaweza kuuliza kama kasi haiwezi kufidia uzito huo. Inaweza, kwa kuwa nguvu ya kuinua huongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi: ukienda kwa kasi maradufu, bawa lilelile linainua mara nne. Lakini kasi hailetwi bure. Inadai injini kubwa zaidi, injini kubwa ina uzito zaidi na inakunywa mafuta zaidi, uzito huo unadai bawa kubwa zaidi, na bawa kubwa linadai fremu imara zaidi, ambayo nayo ina uzito wake. Mzunguko huo ndio kazi ya kila siku ya msanifu wa ndege, na hakuna kampuni ya ndege duniani iliyoukwepa. Ndege aina ya Boeing 787, kama zile za ATCL, shirika letu la ndege la Tanzania, zimeundwa kwa karibu nusu ya uzito wake kutokana na nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi, badala ya aluminiamu peke yake, na sababu kubwa ya gharama yote hiyo ni kupunguza kilo.

Kuna jambo la pili ambalo picha za magazetini hulionyesha wazi kwa anayejua kulitazama, nalo ni propela. Mara nyingi ni kipande cha bati kilichokunjwa kwa mfano wa panga za feni, kifupi, kinachozungushwa kwa kasi kubwa. Feni imeundwa ili isukume hewa chumbani. Propela ni bawa linalozunguka, na umbo lake lazima lichongwe kama la bawa, likijipinda taratibu kutoka shinani hadi nchani kwa sababu ncha yake huenda kasi kuliko shina. Kina Wright walichonga propela mbili za mbao, kila moja ikiwa na kipenyo cha mita 2.6 hivi, wakazizungusha polepole kwa minyororo kama ya baiskeli. Kwa nguvu ileile ya farasi 12, propela zao ziliisukuma ndege mbele; ya bati hupiga kelele tu.

Walijuaje yote hayo watu wawili ambao hawakuwa na shahada? Walianza na kishada. Mwaka 1899 walirusha kishada chenye upana wa mita 1.5 ili kuona kama kuyapindua mabawa kwa kamba kunaweza kukifanya kilale ubavu wa kushoto au wa kulia. Mwaka 1900 na 1901 wakaunda vyombo vya kunyiririka, yaani vya kuteleza hewani, visivyo na injini, na cha mwaka 1901 kilipotoa nguvu ndogo ya kuinua kuliko vitabu vilivyodai, hawakukimbilia injini kubwa, bali walirudi Dayton wakatengeneza sanduku la mbao lenye urefu wa mita 1.8 hivi, wakaweka feni upande mmoja, na ndani yake wakapima maumbo madogo ya mabawa yapatayo 200 kwa mizani waliyoiunda kwa vipande vya misumeno ya chuma na nyaya za spoku za baiskeli. Chombo cha mwaka 1902 kilichotokana na vipimo hivyo walikirusha mara mamia kutoka kwenye vilima vya mchanga. Injini ilikuja mwisho, mwaka 1903, na siku hiyo ya Desemba safari ya kwanza ilichukua sekunde 12 na kwenda mita 36, ya nne sekunde 59 na mita 260. Anayesoma habari hizo kwa haraka hudhani kwamba ndege ilizaliwa siku hiyo. Ilizaliwa ndani ya lile sanduku la mbao.

Sasa niseme jinsi tunavyofanya na wanafunzi wa klabu ya sayansi ninayoisaidia hapa Tanga, na nitalieleza hili kwa kirefu kwa sababu napenda mwalimu atakayesoma aweze kulifanya mwenyewe. Vifaa ni karatasi ya manila, gundi, plastisini au udongo wa mfinyanzi, rula, mkasi na chelewa, zile njiti za ukuti zinazofungwa kuwa ufagio. Chelewa ni kitu cha ajabu ambacho hatukithamini: ni nyepesi, inapinda bila kukatika, ni nene upande mmoja na nyembamba upande mwingine, yaani imekwisha kusanifiwa kama mwili wa ndege, ambao unahitaji nguvu mbele na wepesi mkiani. Asiye pwani atumie kijiti cha mwanzi.

Mwili ni chelewa nene yenye urefu wa sentimita 30. Bawa ni kipande kimoja cha manila chenye upana wa sentimita 36 kutoka ncha hadi ncha na kina cha sentimita 6 kutoka mbele hadi nyuma, na chini ya ukingo wa mbele inagandishwa chelewa nyembamba ili lisilegee. Bawa hilo hukunjwa katikati kidogo ili kila ncha iinuke kiasi cha sentimita 3 juu ya kitovu chake, kwa umbo la herufi V iliyofunguka sana. Mkia wa ulalo ni sentimita 12 kwa 4, na mkia wa wima ni sentimita 5 kwa 4. Ukingo wa mbele wa bawa hukaa sentimita 8 kutoka puani, na mikia yote miwili hukaa mwisho kabisa wa chelewa. Kazi hiyo yote humalizika ndani ya vipindi viwili, na bei ya vifaa vya darasa zima haifiki bei ya kitabu kimoja cha kiada.

Kisha linakuja somo lenyewe, ambalo ni mizani. Mwanafunzi anakishika kielelezo kwa ncha za vidole viwili chini ya bawa, kimoja kila upande, sentimita 2 nyuma ya ukingo wa mbele, na mara nyingi mkia unaanguka. Anaongeza plastisini puani kidogokidogo hadi kielelezo kitulie sawasawa juu ya vidole. Hapo ndipo penye kitovu cha uzito, theluthi moja ya kina cha bawa kutoka mbele, na hapo ndipo ndege ndogo ya manila na ndege ya abiria zinapokutana, kwa kuwa hata wale wanaopakia mizigo uwanjani hupanga masanduku kwa kufuata mipaka ya kitovu hicho, na rubani haondoki bila karatasi inayoonyesha kilipo.

Kielelezo hurushwa kwa kusukumwa taratibu, pua ikiwa imeinama kidogo sana, kwa kasi ya mtu anayekimbia. Hakitupwi kama jiwe. Pua ikiwa nzito mno, kinapiga mbizi moja kwa moja. Pua ikiwa nyepesi mno, kinapanda, kinapunguza kasi, kinasimama hewani kwa kitambo kidogo, kinaangusha pua, kinapata kasi, kinapanda tena, kikienda kwa mawimbi hadi kinapogusa ardhi. Wanafunzi hulicheka wimbi hilo, lakini wakishaliona mara kadhaa huanza kulisoma: huyu aongeze plastisini kiasi cha punje ya choroko, yule akunje nyuma ya mkia wa ulalo milimita 2 juu. Tukiondoa mkia wa wima, chombo kinazungukazunguka bila mwelekeo. Tukilinyoosha bawa liwe bapa bila ile V, kikilala ubavu hakirudi. Kila kiungo cha ndege kinajieleza chenyewe pale kinapokosekana, na mwalimu hana haja ya kuchora mishale ubaoni.

Sheria moja tu ndiyo ngumu kuifuata: badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha andika. Kijana akiona chombo chake kimeanguka, mkono wake humtuma aongeze plastisini, akunje mkia na kupinda bawa kwa pamoja, na kikiruka vizuri hajui ni lipi kati ya hayo matatu lililokiponya. Daftari linachosha, nakubali. Lakini bila daftari hatuna usanifu, tuna bahati.

Vipimo vyenyewe ni rahisi. Kielelezo kikirushwa kutoka kimo cha mita 1.5 kikaenda mita 7.5 mahali pasipo na upepo, kimekwenda mita 5 kwa kila mita 1 kiliyoshuka, na uwiano huo wa 5 kwa 1 ndio kipimo cha ubora wake. Ndege kubwa ya abiria ikizimikiwa na injini zote huweza kwenda mita 15 na zaidi kwa kila mita moja, na vyombo bora kabisa vya mashindano ya kunyiririka hupita 60 kwa 1. Ninapofika hapo huwasimulia wanafunzi habari ya ndege ya Air Canada aina ya Boeing 767 ambayo tarehe 23 Julai 1983 iliishiwa mafuta hewani kwa sababu hesabu ya kujaza mafuta ilichanganya ratili na kilo. Rubani wake, aliyekuwa amezoea kurusha vyombo visivyo na injini, aliinyiririsha hadi kwenye uwanja wa zamani wa jeshi huko Gimli, nchini Kanada, na watu wote 69 waliokuwamo walinusurika. Mwalimu wa hisabati anayetafuta sababu ya kuwafundisha watoto kubadili vizio hatapata iliyo bora kuliko hiyo.

Hapa lazima niguse jambo linalonikera katika vitabu vingi na katika video ambazo wanafunzi huzitazama kwenye simu. Huelezwa kwamba bawa huinua kwa sababu sehemu yake ya juu imejipinda, hivyo hewa inayopita juu ina safari ndefu na lazima ikimbie ili ikutane nyuma na hewa iliyopita chini kwa wakati mmoja. Maelezo hayo si kweli. Hakuna kitu kinachozilazimisha hewa hizo mbili zikutane, na vipimo huonyesha kwamba ile ya juu kwa hakika hutangulia kufika. Zaidi ya hayo, bawa letu la manila ni bapa juu na chini, nalo linaruka, na ndege za maonyesho huruka zikiwa chali. Kilicho kweli ni kwamba bawa lililoinuliwa kidogo dhidi ya upepo huigeuza hewa ielekee chini, msukumo wa hewa juu ya bawa ukawa mdogo kuliko ulio chini yake, na kwa kadiri hewa inavyosukumwa chini ndivyo bawa linavyosukumwa juu. Nahodha wa jahazi anayekwenda joshi analijua jambo hilo kwa mikono yake: tanga lake ni bawa lililosimamishwa wima, halisukumwi tu na upepo kutoka nyuma, bali linaugeuza upepo wa ubavuni na kukivuta chombo mbele. Mtoto wa Tanga, wa Pemba au wa Lamu aliyekwisha kushika demani, ile kamba ya kuongozea tanga, anaingia katika somo hili akiwa na nusu ya majibu.

Asiyeamini apime. Weka mizani ndogo ya kielektroniki ya jikoni mezani, simamisha juu yake kijiti kilichokitwa kwenye donge la plastisini, na juu ya kijiti funga kipande cha manila cha ukubwa wa daftari kikiwa kimelala. Rudisha mizani kwenye sifuri, kisha elekeza feni ya mezani kutoka upande mmoja. Kadi ikiwa imelala sawa na upepo, namba haibadiliki sana. Inua ukingo unaoelekea feni kwa nyuzi 5, namba inashuka chini ya sifuri, maana yake kadi inanyanyuka. Inua kwa nyuzi 10, inashuka zaidi. Endelea, na mahali fulani baada ya hapo, karibu na nyuzi 15, unyanyuaji unaacha kuongezeka na huweza hata kupungua. Gandisha vipande vifupi vya uzi wa cherehani juu ya kadi na utaona sababu: mwanzoni vimelala vikifuata upepo, kisha vya nyuma vinaanza kutetemeka, kisha vyote vinasimama na kurukaruka ovyo, kwa kuwa hewa imeachana na uso wa bawa. Rubani wa kila aina ya ndege hufundishwa kuiogopa hali hiyo na kujinasua nayo kwa kuinamisha pua, jambo ambalo mwili wa mtu anayeanguka hautaki kulifanya. Mwanafunzi aliyeuona uzi ukisimama analikumbuka.

Ninajua kuna watakaosema kwamba zama hizi ni za kompyuta na droni, na manila ni mchezo wa watoto. Michezo ya kurusha ndege kwenye kompyuta ni mizuri kwa anayetaka kuzoea vyombo vya rubani, lakini ndege iliyomo humo ilikwisha kusanifiwa na mtu mwingine. Droni yenye propela nne huning'inia hewani kwa sababu kompyuta yake ndogo husahihisha mwendo mara nyingi kila sekunde, na kwa hiyo humficha mwanafunzi tatizo la mizani badala ya kumfunulia. Tena kuirusha kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na ni sawa kihitajike. Inafaa kukumbuka kwamba droni za kampuni ya Zipline zilizoanza kupeleka damu katika hospitali za Rwanda mwaka 2016 ziliundwa zikiwa na mabawa, kwa sababu bawa hubeba uzito kwa nguvu ndogo ya betri, na chombo kinachopaswa kufika hospitali iliyo makumi ya kilomita kutoka kituoni na kurudi hakiwezi kujibeba kwa propela peke yake.

Lipo pia suala la kimo, ambalo kwa nchi zetu si la vitabuni. Hewa ya Nairobi, uwanja wake wa Jomo Kenyatta ukiwa zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ni nyepesi kuliko ya Tanga au Mombasa, na ikipashwa na jua la mchana huwa nyepesi zaidi. Ndege yenye uzito uleule huhitaji njia ndefu zaidi ya kurukia, au ipunguze mzigo. Kijana wa Mbeya au Njombe anayeunda ndege kwa kunakili vipimo alivyoviona kwenye video ya mtu anayerukia ufukweni hajui kwamba amekwisha kupoteza sehemu ya nguvu yake kabla ya kuwasha injini.

Tunacho Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kinachofundisha uhandisi wa matengenezo ya ndege, na jirani zetu wa Uganda wana chuo cha urubani cha Soroti kilichoanzishwa mwaka 1971. Hivyo si vyuo vya watoto wa Kidato cha Pili, wala si kazi yake kuwapa hamu watoto hao. Hamu na mazoea ya mikono yatoke chini. Nguvu, msukumo wa hewa, uzito na vizio vimo tayari katika mtaala wa fizikia wa sekondari. Mwalimu hahitaji kibali cha mtu kuvifundisha kwa manila badala ya chaki.

Kwa vijana waliokwisha kuanza kuchomelea vyuma vyao, ombi langu ni fupi. Wajenge kwanza kielelezo cha chombo chao kwa sehemu moja ya kumi ya ukubwa, kisicho na injini, na wasipande kwenye kile kikubwa mpaka kidogo kiruke vizuri na kurudia kuruka vizuri. Otto Lilienthal wa Ujerumani, ambaye alinyiririka hewani mara zipatazo 2,000 na kuyajua mabawa kuliko mtu yeyote wa wakati wake, alikufa mwaka 1896 baada ya chombo chake kusimama hewani na kuanguka kutoka kimo cha mita 15 hivi. Huyo alikuwa na uzoefu wa miaka. Viongozi wanaofika kupiga picha, badala ya kuahidi fedha za injini mpya, wamuunganishe kijana na mhandisi mmoja atakayeketi naye jioni moja kupima uzito na kutafuta kitovu cha chombo chake, na wamweleze wazi kwamba kupaa na mtu bila idhini ya Mamlaka ni kosa.

Kwa walimu na maofisa elimu, napendekeza mashindano ya vielelezo vya manila yafanyike kandokando ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ngazi ya wilaya, ndani ya ukumbi ili upepo usimpendelee mtu. Mshindi asipatikane kwa umbali peke yake, maana mwenye mkono wenye nguvu atashinda. Vyombo viachiwe vyote kutoka kimo kimoja, upimwe uwiano wa mwendo kwa mteremko, na nusu ya alama zitolewe kwa daftari linaloonyesha kila badiliko na matokeo yake. Wasichana na wavulana washindane pamoja. Katika kazi ya kupima milimita 2 za mkia sijaona tofauti yoyote kati yao.

Na kwako, Ndugu Mhariri, nina ombi moja. Michoro ya kielelezo nilichokieleza ninayo, imechorwa kwa vipimo vya sentimita, na nipo tayari kuileta ofisini kwako bila malipo yoyote. Ukiona inafaa kwa ukurasa wa vijana, naomba ichapishwe kwa ukubwa wake halisi, nusu ya bawa upande mmoja wa ukurasa na mikia upande mwingine, ili mwanafunzi aweze kukata gazeti lenyewe, aliweke juu ya manila na kupitisha penseli kandokando. Mahali pa kushika kwa vidole viwili papigwe alama ya msalaba, maana wengi hupapuuza.

Wako,
Fundi mstaafu wa ndege,
Raskazone, Tanga.